Kioo Chenye Miguu Minne

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi, mwenye duka la samani, katangaza vita. Tovuti ya mauzo inataka bidhaa zetu zote kwa XML, maandishi ya kusomwa na kompyuta: kila bidhaa elementi yake, yaani fungu lake, na ndani yake sifa: rangi, upana, miguu. Atakayemaliza kwanza anabaki kwenye meza ya kompyuta. Mwingine stoo, kubeba makabati. Mshindani wangu ni shemeji, mume wa dada. Anaandika tagi, zile alama za kufungua na kufunga kila fungu, mojamoja kwa mkono, kama anayechambua mchele. Mimi? Skripti, programu fupi ya kuniandikia zote! Kozi ya kompyuta niliiacha katikati, lakini ile nusu niliyosoma ndiyo yenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Skripti imezaa tagi kufumba na kufumbua. Tovuti ikazitapika zote. Kumbe nimezifungua, sijafunga hata moja! Shemeji akauliza kama na nyumbani nalala milango wazi. Nikacheka, nikamletea chai. Adui naye ana koo.

Alhamisi, 6 Machi
IMEPITA! Duka zima liko hewani. Shemeji bado anahangaika na viti. Akaniambia, shem, hebu tazama kwanza ulichotuma. Nikamjibu simba hakagui mawindo.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Shangazi kaingia na simu mkononi, anauliza tangu lini godoro likawa na miguu minne. Nikachungulia. Godoro, minne. Pazia, minne. Kioo cha ukutani, minne! Nilijaza miguu ya kiti cha kwanza, skripti ikazigawia bidhaa zote bila choyo. Imerithi moyo wangu. Shangazi akanyoosha kidole: stoo!
Kabati la kwanza mgongoni, simu ya duka ikalia. Mwenye saluni anavitaka vile vioo vya miguu minne, vyote, avisogeze dirishani kwenye mwanga. Seremala wetu kasema miguu si kazi. Nikaliweka kabati chini taratibu, kama mfalme anayevua joho.

Jumatatu, 10 Machi
Meza ni yangu! Shangazi kasema hajui anipige au anikumbatie, akanikumbatia. Nimemwombea shemeji msamaha wa stoo. Meza ina pande mbili. Akaomba akague faili kabla sijatuma. Nikamshukuru, nikakataa. Akili kama hii haikaguliwi. Nimeongeza sifa mpya kwa bidhaa zote kwa mpigo: inakunjika="ndiyo". Nimetuma bila kutazama.
Tayari kuna mteja. Analizunguka kabati la milango mitatu, analibonyeza huku na huku, anatafuta pa kulikunjia. Kavutiwa mno!