Mto wa Asubuhi Moja

Siku Kitheka alipouona ule mto, alikuwa amekwama. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha huko milimani, na daraja la chini karibu na Tawa lilikuwa halionekani tena, maji ya kahawia yanapita juu yake yakibeba magogo na ndala ya mtu. Wenye magari wenzake waliitukana serikali. Kitheka alitoa simu akapiga picha. Jua lilikuwa ndio linachomoza, maji yanang'aa, mkuyu umeinama ukingoni kama umelipwa kufanya hivyo. Kufika alasiri, mto ulikuwa umeisha. Ulibaki mchanga mtupu na mbuzi wanavuka bila wasiwasi. Lakini picha haikukauka.

Tumtambulishe kidogo. Kitheka ndiye aliyewahi kuuza viti vya mbele katika mkutano wa injili ambao mhubiri wake hakuwa amezaliwa. Maneno yake yalikuwa matamu, na mfuko ulikuwa mtupu. Mwenye nyumba kule Makindu alikuwa ameweka kufuli yake juu ya kufuli ya Kitheka, kwa hivyo kilichobaki duniani ni gari lake, Probox nyeupe. Humo alilala, humo alikula, na ukimuuliza ofisi iko wapi alikuonyesha mlango wa nyuma. Ikipotea hiyo, Kitheka amekwisha kabisa, na alilijua hilo vizuri.

Jioni ile ile akaweka picha Facebook: "Kambi tulivu ya kifamilia kando ya mto. Wikendi ya kupumzika. Hakuna pombe, hakuna kelele, hakuna mamba." Hiyo ya mamba ilikuwa kweli tupu.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa Ridwan, mfanyabiashara wa ng'ombe anayekaa Eastleigh, Nairobi. Alitaka kuleta familia tatu, na alipunguziwa bei mpaka akaanza kumwonea Kitheka huruma.

"Wallahi, ndugu yangu, utakula hasara," Ridwan alisema.

"Mimi napenda watoto," Kitheka akajibu, sauti imejaa machozi.

Kazi ikabaki kupata kambi. Hema aliazima kwa kanisa moja la Malili, akasema ni semina ya wachumba. Ardhi ya ukingoni ilikuwa ya mama mmoja anaitwa Mutanu, mjane mwenye mabega ya kubeba mlango, mwenyekiti wa mwethya, yaani kile kikundi cha majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu. Kitheka alimkuta kwenye mchanga, anapanga mawe na wenzake.

"Mwaitu, mama yangu, nataka kuleta wageni walale hapa Ijumaa. Watu wa heshima. Nitalipa."

"Hapa hatukodishi," Mutanu alisema bila kuinua macho. "Hapa ni pa mwethya. Tunajenga ukuta wa kukata mto, mvua ikija ukuta ushike mchanga, mchanga ushike maji. Mwenye kulala hapa Ijumaa, Jumamosi jogoo akiwika anaamka kubeba mawe na sisi."

"Na asipoamka?"

"Tunaenda kwake tunachukua kitu. Kuku, sufuria, chenye tumeona. Tunakaa nacho mpaka aje afanye kazi yake. Hata chifu tulimchukulia redio."

Kitheka alicheka moyoni. Kuku hana, sufuria hana. "Mwaitu, niandike mimi na wageni wangu wote!" Akampa mkono, akauminya kwa nguvu. Kukubali hakujawahi kumgharimu kitu.

Mpango ulikuwa rahisi. Wageni wafike Ijumaa giza likiingia, wasione mto. Walipe, wale, walale. Alfajiri, kabla jua halijaanika ule mchanga, Kitheka awe ameshika barabara ya Mombasa na Probox yake na pesa zao.

Swali lilikuwa moja: watu wakilala kando ya mto, si watataka kuusikia? Kitheka alificha spika ndogo kwenye kichaka, akaiunganisha na simu, akafungulia video yenye urefu wa saa kumi ya maji yanayotiririka. Aisee, ulikuwa mto mzuri! Ridwan alipofika na magari mawili alisimama gizani, akafumba macho.

"Mashallah. Hibaq, unasikia?"

Hibaq, mke wake, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alikuwa amekulia Wajir na hakuwa mtu wa kudanganywa na giza. "Nasikia," alisema. "Lakini sinusi maji."

"Upepo unaenda ule upande, dada yangu," Kitheka akasema haraka, akapokea malipo yote kwenye simu, akashukuru Mungu kwa sauti.

Walipokuwa wanakula, mto ulinyamaza ghafla. Kichaka kikasema kwa sauti ya msichana mchangamfu: "Je, unahitaji mkopo wa haraka bila dhamana?"

Watu wakaacha kutafuna.

"Redio ya jirani," Kitheka alisema. "Ng'ambo kule. Hawa watu hawana adabu." Maji yakarudi kutiririka, na jasho likamtiririka pia mgongoni.

Kitheka alipotaka kwenda kulala kwenye gari, Ridwan alikataa katakata. Mwenyeji alale garini kama turn-boy wa lori? Haiwezekani! Wakamtandikia hemani, godoro, blanketi mbili. Kitheka hakuwa amelala amejinyoosha tangu ile kufuli ya Makindu. Akajiambia atafumba macho kidogo tu. Pale nje mto wake ukaendelea kutiririka, taratibu, taratibu, ukimbembeleza kama mtoto, na tapeli wa watu akalala fofofo kwa uongo wake mwenyewe.

Alipoamka hema lilikuwa limeshika moto wa jua.

Alitoka mbio akiwa na soksi moja. Probox ilikuwa pale pale, lakini ilikuwa fupi. Iliketi juu ya mawe manne mazuri, imepangwa vizuri, na gurudumu hata moja halikuwepo.

"Ai! Ai! Ai!" Kitheka alipiga kelele mpaka kunguru wakaruka. "Gari yangu! Maisha yangu!"

Mutanu alikuwa amesimama nyuma yake, anajipangusa mikono. "Jogoo aliwika, nikaita jina lako mara tatu. Wageni wako wote waliitika. Wewe ulikuwa unakoroma. Na vile huna kuku wala sufuria..." Akainua mabega. "Jeki yako ni nzuri, lakini."

Kitheka alitaka kukimbia kwa miguu. Kisha akakumbuka wageni, akageuka kuangalia mtoni, akangoja kupigwa.

Hakuna aliyekuwa na haja ya kumpiga. Watoto walikuwa wamechimba shimo kwenye mchanga, maji safi yanapanda polepole toka chini, na wao wanapiga mayowe kana kwamba wameyaumba. Hibaq alikuwa magotini anateka kwa kikombe, anawaonyesha jinsi mama yake alivyokuwa akifanya kwao, na alikuwa anacheka, yeye ambaye hakuwa amecheka tangu Nairobi. Ridwan, suruali imekunjwa magotini, alikuwa amebeba jiwe ambalo ng'ombe wake mwenyewe angelikataa.

"Bwana Kitheka! Mbona hukutuambia kuna kazi? Watoto hawajaulizia simu tangu asubuhi!" Akaweka jiwe chini, akamkumbatia. "Na Mama ametuambia kikundi hakina simiti. Nikasema, mwenyeji wetu, kwa bei aliyotufanyia, huyu hafuati faida. Hizi pesa zetu lazima ndizo za simiti. Si ni hivyo?"

Mwethya yote ikapiga makofi. Wageni wakapiga makofi. Mutanu akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote, macho yake yamemganda usoni.

"Ni... ni hivyo," Kitheka alisema.

Hapo hapo, watu wote wakiangalia, akatuma pesa zote kwa duka la vifaa vya ujenzi kule Tawa. Aliinamisha kichwa wasimwone uso. Wakasema ni unyenyekevu.

Jioni wageni walipoondoka wakipunga mikono, Kitheka alimfuata Mutanu. "Mwaitu, nimebeba mawe mpaka mgongo umekataa. Nipe sasa magurudumu yangu."

Mutanu akamletea moja.

"Na hayo mengine?"

"Kila Jumamosi moja. Ndivyo mwethya inavyoenda."

Kitheka akakaa. Angeenda wapi, na gari lenye mguu mmoja? Alilala ndani ya Probox iliyoinama, akala githeri, mahindi na maharagwe ya kikundi, akabeba mawe, akachanganya simiti, akatukana kimoyomoyo. Jumamosi ya nne akafunga gurudumu la mwisho, na usiku huo mvua ikanyesha milimani.

Asubuhi alikuta bwawa nyuma ya ukuta wao limejaa mpaka ukingoni. Jua ndio linachomoza, maji yanang'aa, mkuyu umeinama. Chini ya ule mkuyu magari matatu ya wageni wapya toka Nairobi yalikuwa yanashusha hema, na Mutanu anapokea malipo, amevaa miwani ya jua aliyoachiwa na Ridwan. Ilikuwa ile picha yake yenyewe, na kila jiwe ndani yake alilijua kwa mgongo.

Akatoa simu, akainua mikono kupiga picha.

Kiganja kipana kikaziba kamera.

"Kijana," Mutanu alisema, "hapa kupiga picha ni ya kulipia."