Mguu wa Mama Umefika

Jumatano, 4 Machi
Nimetoboa dari. Tena kwa mguu! Panya walikuwa wanakimbizana huko juu, Baba Watoto akasema tusubiri fundi. Fundi wa nini? Nikapanda mwenyewe, nikakosa mbao, nikakanyaga dari tupu. Kidosho, binti yangu wa miaka minne, alikuwa sebuleni anachora. Hakulia. Alitangaza kwamba mguu wa mama umefika, bado mama.

Wiki nyingine ningecheka. Jumamosi anakuja mama mkwe. Kwenye simu kasema wazi: akikuta nyumba imenishinda, anaondoka na Kidosho akamlee kwake, mimi nibaki na huyu wa kunyonya. Eti nipumzike. Nitapumzikaje mwanangu hayupo? Nyumba haijanishinda. Ni tundu tu.

Alhamisi
Nimenunua unga wa jasi wa kuzibia tundu. Mwenye duka kasisitiza: maji ya baridi, ukoroge kidogo kidogo. Nikaitikia kwa adabu. Mimi ninayekoroga uji kila alfajiri, jicho moja limefumba, nifundishwe unga? Nikatia maji ya moto, usifanye madonge. Bakuli zima. Ukawa laini huo! Mdogo akalia, nikaenda kumnyonyesha. Kurudi, jiwe. Mwiko umesimama wima kama mlingoti. Nikivuta mwiko, bakuli linakuja nao.

Ijumaa
Akili ni mali. Nimekata boksi la nepi, nikalipaka gundi, nikabandika kwenye tundu, nikapiga rangi nyeupe. Ukisimama mlangoni, huoni kitu. Ukisogea, yule mtoto wa kwenye picha ya boksi anaonekana kwa mbali, anacheka. Baba Watoto kalalamika kwamba anamkodolea macho akila. Nimemwambia ale haraka.

Kidosho nimemkanya: bibi akiwepo, hakuna kutazama juu. Kauliza, hata akipiga chafya? Hata chafya.

Jumamosi
Mama mkwe kaingia, kaketi chini ya tundu hasa. Nikamkaribisha kiti cha dirishani. Kasema mgongo wake na upepo haviivi. Kidosho muda wote anatazama vidole vyake vya miguu. Bibi akamwinua kidevu. Mtoto akafumba macho, kayabana kabisa, machozi yakapenya hivyo hivyo. Bibi kataka kujua nani kamtisha mjukuu wake.

Nikampakata, nikamwambia afumbue, kosa ni la mama. Nikamwonyesha bibi yake dari.

Kisha mama mkwe kauliza kama huyo wa juu naye ni mjukuu wake. Kacheka hadi mtandio ukaanguka! Alipopata pumzi katoa hukumu: Kidosho haendi popote, mtoto msikivu namna hii kalelewa. Wa kuangaliwa ni mama yake. Kwa hiyo atakaa yeye hapa. Mpaka lini? Hakusema. Sanduku lake ni kubwa.

Jumapili
Mlango wa chumba alichopewa mama mkwe unakwangua sakafu. Yeye na Baba Watoto, kwa sauti moja: tusubiri fundi. Wameenda kumtembeza Kidosho. Nimeazima msumeno kwa jirani, nimeung'oa mlango, nimeukata. Mstari umenyooka, hata fundi angenivulia kofia.

Nimeurudisha. Chini bado unakwangua. Juu mwanga unapita.

Wamerudi. Mama mkwe kauliza pengo la nini. Nimesema la hewa. Msumeno sijaurudisha. Mlango wa jikoni nao unakwama.