Moyo Wangu Umenichongea kwa Mama Wambui

Leo nimeaibishwa na moyo wangu mwenyewe, huu huu niliozaliwa nao! Bado nimekasirika, kwa hivyo msinikatize.

Mnajua nimerudi chuo kusomea saikolojia ya afya. (Ndiyo, na mvi zangu. Mtu aliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni akiwa baba wa watoto watatu, chuo cha Jumamosi huko tao, katikati ya jiji, kitamtisha na nini?) Darasa lote ni vijana. Wananiita Guka! Nimevuka hamsini juzi tu, lakini kwao mimi ni babu aliyejenga reli.

Leo tulikuwa tunachagua kiongozi wa darasa. Hicho cheo nilikitaka kuliko nilivyotaka kuoa. Mpinzani wangu alikuwa Brayo, kijana anayesalimia watu bila kuondoa macho kwenye simu. Nami nikapiga kampeni wiki nzima: "Chagueni mtu mzima! Mtu asiyetetemeka!"

Kabla ya kura, mwalimu wetu Daktari Akinyi (rika la binti yangu Wambui) akaleta kimashine cha kubana kidoleni. Kinapima mapigo ya moyo, na mstari wake unaonekana ukutani kwa projekta, darasa zima likitazama. Somo lilikuwa jinsi mwili unavyopokea wasiwasi, na jinsi ya kuutuliza kwa kupumua.

"Nani atajitolea?"

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo. Kura hizo!

Nikakaa mbele. Nikapumua nilivyofundishwa. Mstari ukatulia kama maji ya beseni. Daktari akagonga meza kwa rula. Tuli. Akapasua puto nyuma ya sikio langu. Hata kope haikucheza! (Haya, ilicheza moja.)

"Guka ni jiwe!" wakapiga kelele. Makofi. Brayo akaondoa macho kwenye simu kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze. Nikaanza kutunga hotuba ya ushindi.

Hapo ndipo simu yangu ilipoita pale mezani. Mama Wambui.

Sikuigusa. Lakini ule mstari, jamani! Ulipanda ukutani kama nyani aliyeona ndizi.

"Ni nani huyo?" Daktari akauliza, macho yanameta.

"Ni bibi yangu tu."

"Puto limeshindwa kukutisha, bibi amekutisha. Pokea, mzee wangu. Weka spika tujifunze."

Tujifunze! Mtu mzima nimegeuzwa panya wa maabara!

"Baba Wambui," sauti ikajaza darasa, "huku Kangemi mvua inanyesha kama imetumwa. Umeanua sare yangu?"

Sasa, hiyo sare. Ni nyeupe, ya kwaya. Kesho Mama Wambui anaimba peke yake mbele ya askofu mgeni, jambo aliloombea mwaka mzima. Aliianika juu ya paa la fleti yetu Kileleshwa, akaenda mazoezi Kangemi, si mbali, akaniachia kazi moja tu: nikitoka, nianue. Nilitoka. Nilikuwa nakariri kampeni.

Nikatazama dirishani. Tao, jua linachoma! Hii mvua ya Nairobi kwa nini inachagua mitaa? Nani aliipa ruhusa?

"Nimeanua kitambo, mpenzi," nikasema.

Mstari ukagonga dari.

"Wacha!" Brayo akaruka juu ya kiti. "Cheki ukuta! Guka anadanganya!"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Kuna msichana alilia machozi kabisa.

"Baba Wambui, hao wanacheka ni nani?"

"Ni... ni redio."

(Mstari sasa sikuuona tena. Nadhani ulishatoka nje ya jengo.)

"Mathe, hajaanua!" Brayo akapiga mayowe kuelekea simu yangu. Simu yangu! "Moyo wake umesema, tumeuona wote!"

Mama Wambui akauliza polepole: "Kuna mwalimu hapo?"

"Niko, mama. Naitwa Akinyi."

"Daktari, shikamoo yako hata kama wewe ni mdogo. Hiyo mashine inauzwa wapi?"

Kura zikapigwa. Brayo ameshinda, msiniulize kwa ngapi. Na mnajua amri yake ya kwanza akiwa kiongozi? "Guka apewe ruhusa akaanue nguo." Wakapiga makofi kuliko yale ya puto!

Sasa niko hapa juu ya paa. Sare imeanguka kwenye kidimbwi karibu na tangi, rangi yake ni ya chai ya maziwa, na viatu ninavyovisikia ngazini navijua tangu harusi yetu. Sihitaji mashine kuniambia mapigo yamefika wapi.

Tafadhali asicheke mtu. Mwenye sabuni nzuri na pasi ya moto, aje mbio.