Mitungi Kumi na Miwili Inatafuta Nyumba

Jumatatu, 3 Juni

Nimepewa siku ishirini na moja. Mimi, Anicetas Burba, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, mtengenezaji pekee wa mvinyo wa asali katika mji mzima wa Alnupiai! Mke wangu Genovaitė amesema Joninės, sikukuu ya katikati ya kiangazi, tarehe ishirini na nne, ikimkuta bado anaogea beseni jikoni kwa sababu ya mitungi yangu, basi yatatokea mambo mawili. La kwanza, mvinyo utamwagwa. La pili, nitakwenda kuajiriwa na kaka yake, Remigijus, kwenye kiwanda chake cha kusindika matango.

Mitungi yenyewe ni kumi na miwili tu. Ipo bafuni kwa sababu bafuni hapana jua wala upepo. Inachachuka taratibu, blup, blup, mchana kutwa. Mimi nasikia muziki. Yeye hasikii muziki.

Shemeji Remigijus alipita jioni. Tayari ana wavu wa nywele wa kazini, wa buluu! Akanivisha kichwani mbele ya mke wangu, eti tupime. "Mbona umekutoa, shemeji!" Upara mtupu, unafunikwa wavu wa nini? Genovaitė akaukunja vizuri, akauweka kabatini.

Kesho naanza kutafuta mahali. Siku ishirini na moja zinanitosha, na nyingine zitabaki.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata! Kituo cha zamani cha zimamoto, pale uwanjani, mkabala na kanisa. Hapo ndipo mahali pa watu. Mtalii akishuka tu kwenye basi, pua yake inagonga mlango wangu. Na kina mnara! Juu ya mnara nitaweka nyuki wa bati, mkubwa kama ndama.

Genovaitė aliuliza maji yatatoka wapi. Nikacheka. Maji yakose kituo cha zimamoto?

Yamekosekana. Yalikatwa mwaka uleule kituo chenyewe kilipoungua. Kitu kidogo hicho.

Ijumaa, 7 Juni

Bi Leokadija wa manispaa alikuja na gurudumu lake la kupimia. Utaratibu wa mji wetu: mlango wa nyumba ya kilevi usiwe karibu mno na mlango wa kanisa. Akalisukuma gurudumu kutoka mlango hadi mlango. Zimepungua hatua sita. Nikamwomba apime tena polepole. Akapima polepole. Zikapungua hatua sita.

Wazo likanijia papo hapo. Tunaziba mlango wa mbele, tunafungua wa nyuma! Tukazunguka. Mlango wa nyuma unatazamana na shule ya chekechea. Watoto walikuwa uani, wanakula supu baridi ya bitiruti, midomo yote ya waridi. Wakatupungia. Bi Leokadija naye akawapungia. Kisha akaniuliza kama nina wazo lingine. Nikamwonyesha dirisha. Akafunga daftari lake.

Mchana nilikwenda kumwomba padre ahamishe mlango wa kanisa. Hatua sita tu! Alinipa kahawa na kuniombea.

Jumatatu, 10 Juni

Ziwani! Mbona sikufikiria? Banda la mashua la mjane Filomena, ukuta mzima wa kusini ni vioo. Mandhari gani hayo! Mgeni anakunywa glasi yangu huku anatazama bata mzinga wa maji, sijui ndege gani wale, wanapita. Bibi huyo hataki hata kodi, anataka nimpakie banda rangi ya kijani, basi. Nimepeleka mitungi mitatu ya majaribio kwa mkokoteni wa baiskeli.

Genovaitė ameuliza swali lake moja. Jua likipiga vile vioo, mvinyo utapata joto kiasi gani? Nikamwambia wateja hawaji kutazama kipimajoto. Wanakuja kutazama ziwa.

Akaniuliza tena, na sakafu ina tundu la kutolea maji? Mwanamke huyu ana maswali ya fundi bomba.

Jumatano, 12 Juni

Sitaki kuandika habari za leo.

Naandika kidogo tu. Nyuzijoto thelathini na nne ndani ya banda. Mitungi ikaanza kutokota kama uji. Kizibo cha kwanza kikaruka, kikagonga dari. Cha pili kikampata Bi Filomena kwenye kofia. Cha tatu sijui kilikwenda wapi, nadhani bado kinakwenda. Povu likajaa sakafuni, na kwa vile tundu halipo, likakaa hapohapo. Tamu, jingi, na joto. Kisha wakaja nyigu. Nyigu wa wilaya nzima! Bi Filomena alikimbia, akajitosa ziwani na viatu vyake.

Anasema hakuwa ameogelea tangu mwaka wa sabini na nane. Anasema maji yalikuwa mazuri sana. Anasema pia hataki kuniona tena.

Mitungi imebaki tisa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimevimba shavu la kushoto. Genovaitė alinisugua kitunguu huku akinieleza, kwa sauti ile ya upole ninayoiogopa, kwamba mahali panapofaa papo, na kila mtu mjini anapajua. Kituo cha zamani cha kukusanyia maziwa, njia ya msituni. Kuta za mawe, nene kama mkono wangu. Ndani pana ubaridi uleule kiangazi chote. Sakafu imeinama kidogo kuelekea kwenye tundu. Kisima kipo mlangoni. Hakuna kanisa, hakuna chekechea.

Najua! Nimejua tangu siku ya kwanza. Lakini mwenye kituo ni Ipolitas Šarka.

Acha niandike ukweli, daftari hili halisomwi na mtu. Mimi na Ipolitas hatujasalimiana miaka tisa. Mwaka ule kundi la nyuki wangu lilihama, likaenda kutua kwenye mtofaa wake. Kwetu jambo hilo lina utaratibu wake tangu enzi za mababu. Nyuki hadaiwi. Nyuki wako wakimchagua jirani, basi wewe na jirani mmekuwa bičiuliai, ndugu wa nyuki. Mnagawana asali, mnaalikana harusini, mnazikana. Hamnyimani kitu.

Mimi nikapiga simu polisi.

Nilisema nimeibiwa. Wakauliza wangapi. Nikasema kama elfu kumi na tano. Akaja konstebo na fomu, akasimama chini ya mtofaa akiniuliza alama za kuwatambulisha. Ipolitas alikuwa ameshaandaa meza, mkate na asali, kunipokea kama ndugu. Akakusanya vyombo vyake kimyakimya, akaingia ndani. Yule konstebo alihamishwa. Nasikia huko alikohamia nako wanamcheka.

Nimwombe Ipolitas? Afadhali matango.

Hapana. Si afadhali matango.

Jumamosi, 15 Juni

Nina mpango! Sitamwomba mtu. Nyuki wangu wakihamia kwake kwa bahati tu, tunakuwa ndugu wa nyuki, na kituo hawezi kuninyima. Mji mzima utamtazama. Na bahati inasaidiwa.

Nimechukua sanduku kuukuu la nyuki, nimelipaka nta, nimelisugua majani yenye harufu ya limau ambayo nyuki wanaohama huyafuata kama wamelipwa. Nimelitundika chini ya paa la kituo cha maziwa. Mzinga wangu wa tatu umefurika, wakati wowote watahama. Nilivaa kitambaa cha kichwa cha mke wangu, nionekane bibi kizee anayetafuta uyoga. Watu watatu nilipishana nao njiani. Wote watatu: "Habari za leo, Anicetas!"

Jumatatu, 17 Juni

Hawajahama. Wa mzinga wa tatu wamestarehe kama wapangaji wasiolipa kodi. Nimewagongea kijiko. Nimewaeleza sifa za kituo cha maziwa. Mmoja alinichoma sikio.

Remigijus alikuja kuuliza navaa buti namba ngapi.

Jumatano, 19 Juni

Ajabu ya maajabu! Saa tano asubuhi nikaenda kuchungulia, na kitambaa changu kichwani. Sanduku linavuma! Kundi zima limo ndani! Nikapanda ngazi, nikawabusu, yaani nikalibusu sanduku. Kisha nikawatazama vizuri. Wa manjano mno. Wangu ni weusi.

Walikuwa wa Ipolitas. Nyuki wa Ipolitas, kwenye nyumba ya Ipolitas! Nikiwa bado juu ya ngazi nasikia mtu anahema. Ni yeye, amekuja mbio kutoka kwake, wavu wa nyuki usoni, ameshika ndoo. Miaka sabini na mbili na amekimbia kilomita mbili nyuma ya nyuki!

Alinitazama. Akalitazama sanduku. Akasema walikuwa wanaelekea msituni, angewapoteza kabisa. Kisha akauliza sanduku ni la nani. Uongo niliouandaa ulikuwa wa nyuki wengine. Nikasema la kwangu.

Akavua wavu. Akakaa chini, kwenye kizingiti. Mimi sikujua kama nishuke au nibaki. Mwishowe akasema, "Basi wamekuchagua wewe. Shuka, ndugu yangu."

Miaka tisa! Nikashuka.

"Sasa tufanyeje," akaniuliza, uso mkavu kabisa, "polisi tuwaite, au tuwaache?"

Nilicheka hadi nikalia. Kilianza kama kicheko, lakini mwisho kilikuwa kilio hasa, na nilikuwa nimevaa kitambaa cha mke wangu. Ipolitas akanipigapiga begani. Nilimkumbuka mtu huyu kuliko nilivyojua.

Alhamisi, 20 Juni

Ipolitas amekuja kwetu! Alileta matango mabichi na bakuli la asali. Tukakaa, tukayapasua kwa urefu, tukayapaka asali, tukala kama tulivyokuwa tukila zamani. Genovaitė alikuwa akifuta macho kwa aproni na kusema ni kitunguu. Mezani hapakuwa na kitunguu.

Nikaanza kuzunguka zunguka kuhusu kituo cha maziwa. Hakuniacha nimalize. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mbele yangu. Kodi? Akachukia. Ndugu wa nyuki anatozwa kodi?

Alisema niweke ninachotaka ndani. Kisha akanisimulia habari za mti ule wa liepa ulio mbele ya kituo. Mama yake aliupanda siku aliyozaliwa yeye. Wiki hii unachanua. Asali yake na asali yangu, alisema, karibu yote hutoka juu pale, na mvinyo wangu pia. Jioni hupenda kukaa kwenye benchi chini yake na kuusikiliza ukivuma nyuki. Alizungumza kirefu. Nilikuwa napiga hesabu ya rafu.

Jumamosi, 22 Juni

Tumehamia! Mitungi tisa, ukutani, ubaridini, blup, blup, kama imezaliwa pale. Nilimwaga ndoo ya maji sakafuni ili nione tu. Yakakimbilia kwenye tundu yenyewe. Bi Leokadija alikuja na gurudumu, akasukuma mpaka akachoka, hakufika kwenye mlango wa chochote. Akagonga muhuri.

Genovaitė alioga saa mbili nzima. Alikuwa akiimba. Nilisimama nje ya mlango wa bafu nikisikiliza, na sioni haya kuandika kwamba nilifurahi sana.

Remigijus amenuna.

Jumatatu, 24 Juni

Joninės! Ushindi! Wasichana walipita na mataji ya maua, Ipolitas alinivika taji la majani ya mwaloni, na watu wote waliomo mtaani kwetu walikuja kuonja. Padre alikunywa glasi tatu, akasema ni vizuri hakuhamisha mlango. Ipolitas alinyanyua glasi yake, akasema mbele ya watu kwamba mzee akipata ndugu kwenye miaka sabini na mbili hapaswi kulalamika tena juu ya chochote. Watu walipiga makofi.

Lakini kuna tatizo dogo.

Nimekaa barabarani saa nzima nikihesabu magari. Arobaini na moja! Hakuna hata moja lililokata kona. Nikajiuliza kwa nini. Nikavuka barabara, nikatazama kibao changu nilichokitundika ukutani juzi, chenye nyuki wa bati mkubwa kama ndama. Hakionekani! Kimefichwa chote. Umekifunika mti ule wa liepa.

Mahali ni pazuri, sikatai. Kinachokosekana ni kuonekana tu. Na Ipolitas kesho anakwenda kwa binti yake Kaunas, atarudi Alhamisi. Nitapunguza upande mmoja tu. Upande mmoja ukikaa vibaya, basi nitausawazisha na wa pili, na kama hautakuwa na sura tena, heri kuumaliza. Sihitaji hata kumwuliza, ndugu wa nyuki hawanyimani kitu. Akirudi atakuta mwanga mzuri sana kwenye benchi lake.

Nimekwenda kuazima msumeno wa injini kwa Remigijus. Nilidhani atabisha. Wapi! Alinipa mara moja. Akaunoa mwenyewe, akanijazia mafuta, akanisindikiza hadi getini huku anatabasamu. Tumemwonea mtu huyu bure.

Genovaitė ameuona msumeno nikiuingiza ndani. Ameuliza ni wa nini. Nimemweleza. Amekwenda kabatini, ameutoa ule wavu wa buluu wa kiwanda cha matango, ameufua, ameuanika kwenye kamba.

Kufua siku ya sikukuu! Simwelewi mwanamke huyu.