Sehemu Kumi na Tano kwa Bilioni

Isidore, shemeji yangu, Mungu amrehemu, alienda kwenye semina kwa sababu ya wali. Hakualikwa. Alikuwa akipita karibu na ukumbi wa parokia mjini Bunia, akanusa kuku, akaingia, akaandika jina lake kwenye karatasi ya mahudhurio kwa mwandiko mzuri kuliko wa waalikwa wote, akaketi mstari wa mbele. Alikuwa na falsafa yake: anayekula bila kualikwa na akaketi nyuma hushukiwa; akiketi mbele, huombwa maoni.

Mtaalamu kutoka Kinshasa alikuwa akieleza jambo ambalo lingemharibia mtu mwingine hamu ya kula. Hakuna chakula duniani, alisema, kisicho na kitu kisichotakiwa. Unga una vipande vya wadudu. Samaki ana chembe za madini. Kalanga zina sumu ya ukungu. Kwa hiyo wakubwa wa dunia waliketi, wakakubaliana kiasi: chini ya hapo, kula, juu ya hapo, tupa. Kwa kalanga, kipimo kimoja kinachofuatwa ni sehemu kumi na tano katika bilioni. Tena sumu yenyewe, alimalizia kwa huzuni, haionekani kwa macho.

Isidore aliacha kutafuna. Mimi nilikuwa kando yake, kwa kuwa na mimi nilinusa kuku yule yule.

"Shemeji," alininong'oneza, "nani mu Bunia anaweza kuhesabu mpaka bilioni?"

"Hakuna."

"Njo vile. Sasa nani atanipinga?"

Wiki iliyofuata alikuwa mkaguzi. Koti jeupe alilipata kwenye mitumba. Mfukoni lilikuwa limeshonwa jina la daktari fulani wa kike wa Ulaya, akalifunika kwa kalamu nne za bic. Cachet, muhuri wake, aliichonga kwa soli ya sandali. Chombo cha sayansi aliazima kwa Yves, mbadilishaji dola: ile taa ndogo ya zambarau wanayomulikia noti kujua kama ni za uongo. Nilimwambia taa ile ilifaa kumulikiwa yeye kwanza. Hakucheka.

Mtu wa kwanza kupimwa alikuwa Papa Michée, muuzaji wa kalanga mwenye meza kubwa sokoni na roho ndogo.

"Papa, kalanga ya weye iko na ngapi?" aliuliza Isidore.

"Ngapi ya nini?"

"Kwa bilioni."

Papa Michée akakiri kwamba hajawahi kuulizwa swali hilo. Isidore akajifunika kitambaa cheusi yeye na gunia, kama mpiga picha wa zamani, akawasha taa. Chini ya taa ile kila kitu cheupe hung'aa: nyuzi za gunia zilimetameta, mikono ya koti ilimetameta, na Papa Michée alipoingiza kichwa kuangalia, meno yake pia. Isidore akatoka na uso wa daktari anayetafuta ndugu wa mgonjwa.

"Makumi moja na saba."

"Makumi moja na saba, ni mingi?"

"Sheria ni makumi moja na tano. Umepita mbili."

"Chef, mbili tu. Mbili mu bilioni. Funga jicho."

"Ningefunga, papa. Sayansi njo haina kope."

Papa Michée alifikiri. Kisha akamvuta pembeni. "Na ule Rébecca, jirani yangu, ulimupima? Ya yake iko hata makumi tatu. Anza na yeye."

Hapo tulijifunza kanuni ambayo mtaalamu wa Kinshasa hakuitaja: mtu huamini upesi sana kwamba chakula kina sumu, mradi kiwe cha jirani. Isidore aliandika jina la Mama Rébecca kwenye daftari kwa heshima, akamshukuru Papa Michée kwa uzalendo wake, halafu akayashusha daraja magunia mawili ya Papa Michée. Bidhaa iliyoshushwa daraja haikuruhusiwa kuuzwa kama chakula. Ilikuwa ya kutengenezea sabuni, na ilinunuliwa kwa bei ya sabuni na mnunuzi mmoja tu aliyeidhinishwa. Alipita hapo baada ya nusu saa, na moto yake, pikipiki kuukuu, kasketi nyekundu kichwani, akiwa na sura ya mtu anayefanya hisani kuzoa takataka. Naona aibu kusema kwamba mnunuzi huyo nilikuwa mimi, na kwamba nilijiona nimependeza.

Kalanga zenyewe zilikuwa nzuri kabisa. Jioni tulizipeleka kwa muuzaji mwingine upande wa pili wa mji.

Kulikuwa na kikwazo kimoja, na kila aliyewahi kununua kitu katika soko la Bunia anakijua. Mtu wa kwetu haulizi bei ya kalanga kabla ya kuonja. Huchukua tatu, hasugui mbili, husugua zote tatu, hupuliza maganda, hurusha mdomoni, hutafuna akiangalia mbali. Kisha ndipo huanza kutukana bei. Kwa desturi hiyo muuzaji yeyote angeweza kusema: onja, chef, iko tamu. Kwa hiyo Isidore alitunga sheria: sumu hii haina ladha, kuonja kumekatazwa. Aliisema kwa ukali kiasi kwamba alianza kuitii mwenyewe. Majuma matatu sikumwona akitia kalanga mdomoni, hata nyumbani, hata zile dada yake, mke wangu, alizokaanga.

Sasa, Isidore hakuwa mtu wa kujilimbikizia. Alikuwa na jambo moja tu moyoni, nalo ni Bénédicte. Msichana huyu alishika mizani kwenye dépôt, ghala la baba yake mtaani Mudzi-Pela, na alikuwa mwanamke pekee aliyeanza kucheka kabla Isidore hajamaliza uongo wake. Isidore alimpenda kwa hilo. Lakini baba yake Bénédicte, Papa Félicien, alikuwa mtu wa magunia. Siku tulipopeleka ombi la posa alisema hivi, bila kupandisha sauti:

"Muntu wa maneno, simutake. Aniletee kazi naweza kugusa. Mifuko kumi ya kalanga, muzuri, hapa ku dépôt, samedi mbele ya familia. Akikosa, Bénédicte ataenda kwa ndugu yangu Butembo, na hii habari imeisha."

Ilikuwa Jumatatu, na Jumamosi ilikuwa karibu. Tulikuwa na akiba kidogo, na hatukuwa na gunia hata moja. Isidore hakulala vizuri. Nami sikulala, kwa kuwa alikuja kukosa usingizi kwangu.

Jumatano Mama Musoki alituma mtu kumwita mkaguzi. Hapo ndipo tulipaswa kushtuka. Katika historia ya biashara, ni nani humwita mkaguzi? Lakini tulisikia "mifuko kumi" tu, na masikio yakafungwa.

Mama Musoki alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Butembo, mwanamke mpole, mwenye kitambaa cha Kanisa begani. Magunia yake kumi yalisimama yakiwa wazi kidogo, na juu yake kalanga nyekundu, nono, za kupendeza.

"Chef inspecteur, karibu. Minasikia iko unapima. Pima na ya yangu. Iko safi kabisa, haina hata moja kwa bilioni."

Sifa zile zilimfurahisha Isidore. Akajifunika, akawasha. "Makumi mbili na mbili."

Mama Musoki akashika kichwa. "Angalia tena, chef. Labda taa imechoka."

Akaangalia tena. "Makumi mbili na sita. Inapanda."

"Basi onja tu moja..."

"Mama. Kuonja kumekatazwa."

"Kweli. Unisamehe, nilisahau." Akajifuta macho kwa kitambaa. "Lakini bwana yangu iko Butembo. Atasema nimekula mali yake. Uniandikie feuille. Andika vile umeona: kalanga mubaya, mifuko kumi, hapana ya kula. Na jina yako yote. Na cachet."

Isidore aliandika kwa raha, herufi kubwa, akagonga soli ya sandali mara tatu. Nusu saa baadaye nikafika na kasketi yangu. Mama Musoki alilia vizuri sana. Nilipandisha bei mara mbili kwa huruma, Isidore akikohoa nyuma ya meza ya jirani. Tulitoa akiba yote, na mimi nikaongeza simu yangu. Mama Musoki alishona midomo ya magunia mwenyewe, kwa uzi mpya, ili, alisema, zisimwagike njiani.

Jumamosi familia ya Papa Félicien ilikusanyika. Soda zilifunguliwa, sala ikasemwa, kisha mzee akasimama na kwenda dépôt, wajomba wawili nyuma yake, na shangazi mmoja mwenye mwavuli. Bénédicte alisimama kando ya mizani. Isidore alivaa suti. Mimi nilikuwa na kasketi, sijui kwa nini.

Papa Félicien hakugusa mshono wa juu. Alitoa kisu kidogo, akapasua gunia chini kabisa, kwa maana juu ya gunia, alisema, ni uso uliopakwa poda. Akachukua tatu. Akasugua. Akapuliza.

"Papa, kuonja kume..." alisema Isidore, akajiziba mdomo.

Mzee alitafuna mara moja. Akatoa leso, akatema humo polepole, kama mtu aliyelelewa vizuri. Kisha akapindua gunia. Shibri moja ya kwanza ilikuwa nyekundu na nono. Iliyobaki ilikuwa nyeusi, imeshikana madonge, na vumbi la kijani likapanda mpaka shangazi akapiga chafya.

"Nani alikuuzia hii?"

"Nimeibiwa, papa." Alisema kwa uchungu wa kweli. Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli mwezi ule.

Papa Félicien akamshika bega. "Basi twende. Hapana muntu anaibia mutoto wangu."

Niliona Isidore akifumba macho aliposikia "mutoto wangu." Alijaribu kusema kwamba haina haja, kwamba Mungu atalipa. Lakini wajomba walikuwa wamekwisha kuita moto nne, na msafara wa wakwe ukashuka sokoni kwa heshima zote, mwavuli mbele.

Mama Musoki hakushtuka. "Karibuni. Chef inspecteur, bonjour."

"Inspecteur?" aliuliza Papa Félicien.

"Papa, haujue? Huyu njo alinisaidia. Lori yetu ilikwama mu matope ya Bogoro siku ine, mvua ikaingia mu mifuko yote. Nilikuwa ninataka kutupa. Yeye akapima, akanionya, akaniandikia." Akafungua pindo la kitenge, akatoa karatasi.

Papa Félicien alivaa miwani na kusoma kwa sauti ya kanisani: "'Kalanga, mifuko kumi. Hazifai kuliwa na mtu wala mnyama. Inspecteur principal, Isidore.'" Akashusha karatasi. "Na nani alinunua?"

"Ule mwenye kasketi."

Familia nzima iligeuka. Nilivua kasketi, nikakosa mahali pa kuiweka.

"Mama," alisema Isidore kwa sauti ndogo, "ulijua kama iko mubaya?"

"Chef, weye njo uliniambia."

Wauzaji wa meza za jirani walikuwa wamesogea. Papa Michée alikuja pole pole, mikono nyuma. "Na ile ya yangu, chef," aliuliza kwa upole mkubwa, "iligeuka sabuni gani? Mama ya nyumbani anataka kufua." Mama Rébecca akacheka mpaka akakaa chini, na soko likamfuata.

Papa Félicien peke yake hakucheka. Alikunja karatasi mara nne. "Mimi niko mu kalanga miaka makumi tatu, na bilioni siijue. Unifundishe, inspecteur. Ndani ya mukwe, uongo inaruhusiwa ngapi?"

Shemeji yangu, aliyekuwa na namba kwa kila kitu, alianza kuhesabu vidole vyake.

Aliyejibu ni Bénédicte. "Papa, kwanza ile mifuko izikwe, bantu wasiikule. Kisha tutaona." Akamwangalia Isidore. "Weye, unajua kuchimba shimo?"

Alichimba nyuma ya dépôt, suti imetundikwa kwenye msumari. Bénédicte alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, akitazama. Kila Isidore alipouliza kama inatosha, Bénédicte alimwambia bado. Alichimba mpaka tukamwona mabega tu. Nilikuwa nikivuta magunia, na yeye akiyapokea mle chini na kuyamwaga, uso umegeuka kijani.

Nakiri jambo hapa. Gunia moja sikulivuta. Lilikuwa nyuma ya ukuta, juu ya moto yangu, limefunikwa koti la mvua. Nilijiambia kwamba ni la sabuni. Roho ya tapeli siku zote ina mpango wa sabuni.

"Iko kumi?" aliuliza Bénédicte.

"Kumi," nikasema.

Baba yake alikuwa mlangoni, hakuhesabu. Wajomba walikuwa wamerudi kwenye soda. Isidore aliniangalia kutoka shimoni, na nilimkonyeza, kwa kuwa tulikuwa tumekonyezana hivyo miaka mingi.

"Tisa," akasema. "Moja iko ku moto ya shemeji."

Nilienda kulileta. Gunia lile lilikuwa zito kuliko mengine yote, au ni mimi. Niliporudi, alikuwa bado ndani ya shimo, na Bénédicte alikuwa amechutama ukingoni akimnywesha maji, kikombe kikiwa mkononi mwake yeye, kwa kuwa mikono ya Isidore ilikuwa imejaa ule ukungu.