Ndafu kwa Mkaguzi

Jumatatu, 9 Septemba

Tumekubaliwa! Serikali ya jimbo itatusaidia kulipia malezi ya Adela. Anitha aliisoma barua amesimama pale pale kwenye masanduku ya barua, halafu akakaa kwenye ngazi akalia. Nikamwuliza kama ni mbaya. Akasema ni nzuri, nimwache alie.

Mimi huwa nawasifu watu wenye akili, na leo naisifu serikali hii ya Wamarekani. Haijawahi kumwona Adela. Haijui kwamba ana miaka mitatu na anakula chaki. Lakini imekaa, ikafikiri, ikaona kwamba mama yake akienda shule, mtu lazima amfute mtoto makamasi, na mtu huyo lazima alipwe. Kwetu Rombo kazi hiyo hufanywa na shangazi. Shangazi halipwi, ila atakukumbusha mpaka siku ya harusi ya mtoto. Serikali sidhani kama itakuja harusini.

Kuna sharti. Pesa haziji kwetu, zinakwenda moja kwa moja kwa mlezi, na mlezi awe na kibali. Tunayemtaka ni Mama Jaël, mama wa Kikongo kutoka Uvira, anayelea watoto nyumbani kwake hapa hapa Adelphi. Jaël mwenyewe yuko chuo kikuu siku nyingi, lakini jina limebaki. Mama Jaël amehamia nyumba mpya na ana kibali cha muda tu. Bila kile cha kudumu, serikali haimlipi. Mkaguzi anakuja Alhamisi ya wiki ijayo.

Jumatatu inayofuata, Anitha anaanza mafunzo ya uuguzi hospitalini, asubuhi hadi jioni. Saa hizo mimi napaki magari ya wageni wa hoteli kule Alexandria, ng'ambo ya mto. Mkaguzi akikataa, Adela hana pa kukaa, na Anitha anapoteza nafasi yake, angoje mwaka mwingine. Ameshangoja miwili.

Jioni akaniangalia akasema, Baba Adela, nakuomba, usisaidie. Nimelifikiria sana hilo. Nadhani alitaka kusema nisijichoshe.

Jumatano, 11 Septemba

Nimetoka kazini nikapitia kwa Mama Jaël. Nani yuko pale? Kuria. Huyu ni jirani yetu wa ghorofa ya juu, Mkenya, dereva wa basi. Mwanawe Christopher naye anangojea kibali hicho hicho. Amepiga magoti anatengeneza geti la ua, ana bisibisi yake mwenyewe. Hakuombwa. Amejitolea tu. Geti lilikuwa linakwama, sasa unalisukuma kwa kidole. Mama Jaël anamwita fundi. Mimi hajawahi kuniita kitu zaidi ya Papa Adela.

Nami nikajitolea. Nikamwambia mama apumzike, nitakaa na watoto. Akasema sheria haimruhusu kumwachia watoto mtu ambaye hajachunguzwa, lakini naweza kukaa nao yeye akiwepo. Sheria nzuri sana. Haikupita muda, mmoja alikuwa ndani ya koti langu, mwingine amevaa kiatu changu, na wa tatu analia kwa kuwa nina viatu viwili tu.

Mama Jaël hakupaza sauti. Alianza kuimba, taratibu, kama mtu anayekunja nguo. Watoto wote wakaacha walichokuwa wanafanya. Ukutani kuna kamba ndefu yenye vishikio vya rangi. Kila mmoja akashika chake, wakatoka nje kwa mstari, wakapita getini, wakasimama kwenye kona ya barabara. Nikajikuta nami nipo kwenye kona, nimeshika kishikio cha zambarau. Sikumbuki kuamua kukishika.

Nikamwuliza ni mchezo gani. Akasema si mchezo, wanafanya kila siku. "Siku ya moto mutoto hawezi kufikiri, Papa Adela. Ni mwili ndio inakumbuka." Kisha akamfuta mmoja pua, akamfunga mwingine kamba za viatu, akanirudishia kiatu changu, yote kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa umembeba mtoto mchanga.

Yule mama ni jenerali. Nimefanya kazi chini ya mameneja chungu nzima katika hoteli, na hakuna aliyewahi kunitoa nje kwa wimbo.

Jumamosi, 14 Septemba

Kuria amelipaka geti rangi.

Lakini leo nimepata wazo, na wazo langu halihitaji bisibisi. Nilianza kumfikiria mkaguzi. Anazunguka nyumba hadi nyumba, anafungua makabati ya watu, anapima maji ya moto. Hakuna anayemkaribisha hata chai. Tumesahau kwetu? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Askofu alipokuja Rombo tulimpa ndafu. Mkuu wa wilaya alipokuja, ndafu. Mbuzi mzima wa kuchoma, kichwa na yote, amepigishwa magoti juu ya sinia na jani mdomoni. Katika maisha yangu sijaona mtu aliyewekewa ndafu mbele yake akasema hapana.

Nimejiuliza kama ni hongo. Sio. Hongo hutolewa kwa siri, na ndafu hata ukitaka huwezi kuificha.

Nikampigia Mama Jaël nikamwambia siku ya ukaguzi nitaleta kitu kidogo. Akasema, "Papa Adela, minakuomba, ukuye na mikono mitupu." Huo ndio uungwana. Mwenye nyumba hawezi kusema leta. Lakini mkono mtupu haulambwi, na hata Uvira nadhani wanalijua hilo.

Anitha amenusa jambo. Ameniapisha kwamba sitapika kitu chochote nyumbani kwa Mama Jaël. Nimeapa bila wasiwasi. Nitapikia mji wa jirani, Bowie.

Jumatano, 18 Septemba

Bowie kuna Isack. Mtu wa nyumbani, ana kazi ofisi ya serikali, ana nyumba yenye uwanja nyuma na nyasi zilizonyolewa kama kijana anayekwenda kuposa. Alikubali shingo upande. Jumuiya ya mtaa wao haipendi moshi, kwa hiyo akanipeleka nyuma ya gereji na kunitaka nimalize kabla watu hawajarudi kutoka kazini.

Leo ni siku yangu ya mapumziko. Mbuzi nilimpata bucha ya halali, mzuri, mwenye uso wa heshima. Moto ukashika. Harufu ikapanda, nikakumbuka kwetu. Mvua nayo ikakumbuka kwetu.

Isack akashika mwavuli juu ya mbuzi, mimi nikashika mwavuli juu ya moto. Juu yetu hakukuwa na mwavuli. Jirani mmoja akaja kuuliza kama tuko salama. Akamwangalia mbuzi, mbuzi akamwangalia, akaondoka bila kuaga. Isack akasema amejenga jina katika mtaa huu kwa miaka, na mbuzi mmoja amelibomoa. Nikamwambia jina zuri halibomolewi na mbuzi.

Tumemtoa kabla ya wakati. Nje amekauka vizuri, rangi ya dhahabu. Ndani bado. Isack amemlaza kwenye friji ya gereji, nimfuate asubuhi. Hata hivyo sina wasiwasi. Kwa Mama Jaël kuna oveni, na kumalizia si kupika. Nimeapa kuhusu kupika.

Alhamisi, 19 Septemba

Niandike kabla sijasahau, ingawa Anitha anasema hakuna atakayesahau.

Kazini niliomba ruhusa, nikasema kuna shughuli ya kifamilia. Mbuzi nikamfunga mkanda kwenye kiti cha gari cha Adela, maana kwenye buti angepoteza umbo. Nilipofika, Kuria alikuwa akifyeka majani kwenye uzio. Anitha alikuwa sebuleni na Adela, aliyeitwa kuwazoea wenzake. Mkaguzi, mama mtaratibu mwenye viatu vya raba, alikuwa chumba cha pembeni na Mama Jaël, mlango wazi, akiangalia vitanda. Nafasi ndiyo hiyo. Nikapita mlango wa nyuma wa jikoni.

Oveni za Wamarekani ni kubwa, lakini hazikutengenezwa na Mchagga. Kichwa na mabega viliingia. Miguu ikabaki nje, mlango ukawa haufungi. Nikawasha mpaka mwisho ili kufidia. Mafuta yakadondoka chini kwenye moto wa oveni, moshi ukatoka mweusi, na king'ora cha moshi juu ya kichwa changu kikaanza kulia. Nikaupepea moshi kwa shuka aliyokuja nayo mbuzi. Ukaenda sebuleni. King'ora cha sebuleni nacho kikaitikia.

Halafu nikasikia wimbo.

Dirishani niliona jambo ambalo nitalisimulia hata nikizeeka. Mama Jaël alikuwa mbele, mtoto mchanga kiunoni, anaimba kama jana na juzi. Nyuma yake kamba, na kwenye kila kishikio mkono mdogo. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekimbia. Adela wangu alishika cha kijani. Anitha aliziba nyuma bila kuambiwa, na nyuma ya Anitha mkaguzi wa serikali, na kalamu yake, ameshika cha zambarau. Geti likafunguka kwa kidole. Ndiyo, geti la Kuria. Nimeandika.

Kwenye kona Mama Jaël akahesabu vichwa, akaita, "Papa Adela, toka!" Nikazima oveni nikatoka. Sikuweza kumwacha mbuzi. Nilitoka nimembeba mikononi, jani lake mdomoni.

Adela akasema, "Hi, goat." Watoto wote wakamsalimu, mmoja mmoja. Gari la zimamoto likaja na taa zake, watoto wakapiga makofi, wakadhani limeletwa kwa ajili yao. Mimi nikamwendea mkaguzi, nikamkaribisha ubavu. Akasema sheria haimruhusu kupokea kitu. Nikasema basi kipande kidogo. Akasema hata kidogo. Kisha akaandika, akaandika tena, akageuza ukurasa.

Kuria akaninong'oneza, "Aki boss, umetumaliza." Nikamtafuta Anitha. Alikuwa anaangalia chini, anamfunga Adela kamba za viatu ambazo tayari zimefungwa. Hapo ndipo nilipoogopa, kuogopa kabisa, kama mtoto aliyevunja chungu cha bibi.

Ijumaa, 20 Septemba

Anitha haongei nami, ila hakuna sahani aliyoivunja. Asubuhi alinyoosha sare yake ya mafunzo, pasi juu, pasi chini, akaining'iniza mlangoni ingawa hatukujua kama ataivaa. Mtu mwingine angeifungia kabatini asiione. Nampenda yule mwanamke. Sikumwambia, maana haikuwa siku ya kumwambia vitu.

Mchana simu ikalia. Mama Jaël amepita!

Anitha akaweka sauti wazi nisikie. Mkaguzi ameandika kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajaona watoto wakitoka ndani ya nyumba yenye moshi kwa utulivu namna ile. Zoezi la kupangwa, ameandika, wengi wanaliweza. Hili halikupangwa. Kibali cha kudumu kinatoka leo leo, na sharti moja dogo: Bwana Kalisti asiingie jikoni wakati watoto wapo.

Jina langu liko kwenye waraka wa serikali. La Kuria halipo, pamoja na geti na rangi yake.

Mama Jaël alicheka kwenye simu mpaka akashindwa kuendelea. Alipopata pumzi akasema, "Mutoto wako akuye lundi. Weye utabakia ku geti." Lundi kwao ni Jumatatu. Anitha alicheka pia, halafu akalia, halafu akaniegemea begani. Nikakaa kimya kabisa, nisiharibu.

Jumatatu, 23 Septemba

Anitha ameondoka asubuhi na sare yake, mgongo umenyooka. Tayari anaonekana muuguzi. Kama ningekuwa mgonjwa ningepona kwa kumwona akiingia.

Nimempeleka Adela. Nilisimama getini kama waraka unavyotaka. Akanipa busu, akaenda, akashika kishikio chake cha kijani bila kugeuka nyuma. Nilijawa na furaha pale getini, na kidogo nilisikitika, kwa kuwa alitakiwa kugeuka angalau mara moja. Serikali inalipa, Mama Jaël anaimba, mwanangu anajifunza rangi. Nchi inayopanga jambo la namna hii naivulia kofia.

Anitha anasema kilichotuokoa ni mazoezi ya Mama Jaël ya kila siku. Nimekubali, kwa ajili ya amani. Moyoni najiuliza tu: king'ora kilipigwa na nani? Kama si ndafu, mkaguzi angeona nini? Vitanda. Nyumba ngapi zina vitanda.

Na sasa Mama Jaël ananiambia mkaguzi atarudi mwakani, na safari hiyo atakuja bila taarifa, siku yoyote. Hilo limenifanya nisifanye kazi vizuri leo. Siku yoyote maana yake ndafu lazima iwe tayari siku zote. Isack hapokei simu zangu, lakini kule Alexandria nimeona mtu anauza friza lake, kubwa, lililotumika, nikalinunua. Nimechukua mbuzi wawili, kwa kuwa mkaguzi anaweza kuja na mwenzake. Kuria amekubali kunisaidia kulipandisha ngazi. Nimemwambia ni la samaki.

Nimeshapima. Litaenea chumbani kwa Adela, kitanda chake kikisogea kidogo.