Kuhusu Kufupishwa kwa Mtunza Ghala

Ndugu Meneja,

Kwa heshima na taadhima, mimi ni mtunza ghala wako kwa miaka kumi na tisa sasa, na hadi Jumatatu iliyopita nilikuwa na urefu wa mita 1.49. Siku hiyo tuligawiwa vitambulisho vipya vilivyochapwa na kompyuta. Changu kinasema UREFU: MITA 1. Sikuugua wala sikukatwa popote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilimwendea dada wa kompyuta. Alinieleza kwa upole kwamba namba yangu iko salama ndani ya mashine, ila ameiagiza programu ichape namba nzima iliyo karibu zaidi, bila desimali, ili kadi zipendeze. Yaani ndani mimi ni mzima, nikitokea kwenye karatasi ndipo napungua karibu nusu mita. Nashukuru kwa maelezo, lakini mimi siishi ndani ya mashine.

2. Mpishi wa kantini ana mita 1.51. Tumesimama mgongo kwa mgongo mbele ya mashahidi, tukapishana unene wa kidole. Kadi yake inasema MITA 2. Tangu hapo anainama akipita mlangoni. Sikufichi, roho inaniuma.

3. Fundi cherehani ameshona sare kwa kufuata kadi, kama alivyoagizwa. Suruali yangu inaishia magotini. Mpishi yake anaikunja mara nne, tena kwa majivuno. Nyumbani nako, mke wangu akitaka kitu cha kabati la juu siku hizi anamwita jirani.

4. Namba yangu ya kazi ni 7. Kadi imeandika 0000007, eti namba zote zilingane upana. Kumbe sifuri sita za bure zimepata nafasi, ila sentimita zangu 49 za halali zimekosa.

5. Hili ndilo limeniondolea usingizi. Msimamizi wa zamu amesoma kadi, akaandika kwamba mtu wa mita moja hawezi kufikia rafu ya tatu, hivyo kuanzia mwezi ujao ghala apewe mpishi. Rafu hiyo nimeipanda kwa ngazi miaka yote, na mpishi naye ataihitaji ngazi hiyohiyo. Ndugu Meneja, nalipenda ghala lile. Sijui kazi nyingine.

Kama kukata desimali ni haki, basi na zamu yangu ya saa 8.4 ichapwe 8, niwahi nyumbani. La sivyo, naomba kila mtu achapwe alivyo, kwa desimali mbili, bila kupunguziwa wala kuongezewa.

Nisalimie ofisi nzima, dada wa kompyuta, na hata mpishi huko juu aliko.

Wako mtiifu, na mzima,
Mtunza ghala

N.B. Dada wa kompyuta amepita sasa hivi. Anasema desimali mbili anaweza kuziweka leo, kwa wote. Nimemwomba asubiri kwanza. Nimejipima upya nikiwa na viatu vya kazi, nikapata 1.52. Tafadhali abadilishe namba yangu ya urefu tu. Huo utaratibu wa kukata desimali uachwe ulivyo, sioni ubaya wake.